Gegedu la Goti na Mbio Ndefu

Gegedu la goti ni tabaka laini, jeupe na lenye kuteleza, linalofunika ncha za mifupa mahali inapokutana: ncha ya chini ya mfupa wa paja, kichwa cha muundi, na upande wa ndani wa pia ya goti. Aliyewahi kukata kongoro kwenye kiungo kabla ya kulitia sufuriani amekwisha kuliona: ni ule utando mgumu wenye rangi ya maziwa, unaong'aa na kukwepa kisu. Kwa mtu mzima mwenye afya unene wake ni kama milimita 2 hadi 4 tu. Nyuma ya pia ya goti linaweza kufika milimita 6, na hakuna kiungo kingine mwilini chenye gegedu nene kuliko hapo.

Sehemu kubwa ya gegedu ni maji, asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake. Yanayobaki ni nyuzi za kolajeni, zinazolipa uimara, na molekuli kubwa ziitwazo proteoglikani, ambazo kazi yake ni kuyavuta maji na kuyashikilia. Seli ni chache mno, nazo hukaa zimetawanyika, kila moja peke yake katikati ya nyuzi. Mishipa ya damu hakuna, wala mishipa ya fahamu. Chakula cha seli hizo hutoka kwenye ute wa kiungo, nao huingia kwa kubanwa na kuachiwa: mguu unapokanyaga, maji hutoka, unaponyanyuka, hurudi na virutubisho, kama dodoki linavyokamuliwa na kutumbukizwa tena ndooni. Kiungo kisichotembezwa hakilishi gegedu lake vizuri.

Kukosa mishipa ya damu kuna gharama yake. Kidonda cha ngozi hupona kwa sababu damu hufika na kuleta seli za ukarabati. Kidonda cha gegedu hakifikiwi. Daktari William Hunter wa London aliliandika jambo hilo mwaka 1743, kwamba gegedu likishachimbika halirudi, na karibu karne tatu baadaye upasuaji haujafanikiwa kumkanusha kikamilifu. Kukosa mishipa ya fahamu nako kuna maana yake: gegedu lenyewe haliumi. Mtu anayesikia maumivu ya goti anasikia mfupa ulio chini ya gegedu, au utando unaozunguka kiungo, au kano, au mafuta yaliyo chini ya pia. Kwa hiyo goti linaweza kuuma sana huku gegedu likiwa zima, na gegedu linaweza kuwa limechimbika huku mwenyewe akikimbia bila habari.

Hofu inayowazunguka wakimbiaji wa ridhaa imejengwa juu ya hesabu rahisi. Goti lina akiba fulani, kila hatua hula kidogo, na siku akiba ikiisha mifupa inasagana. Mitaani husemwa kwamba mafuta ya magoti yamekwisha, na mwenye kukimbia kila Jumamosi na kikundi chake cha joging huambiwa na wazee kwamba anayamaliza yake mapema. Hesabu hiyo ina sura ya ukweli. Mtu anayetembea huliwekea goti lake mzigo wa karibu mara tatu ya uzito wa mwili wake. Anayekimbia huuzidisha hadi karibu mara nane. Marathoni ina kilomita 42.195, na kwa hatua ya takriban mita moja kila mguu hutua chini zaidi ya mara 20,000. Kwa mkimbiaji wa kilo 70, kila kutua ni zaidi ya nusu tani juu ya tabaka la milimita chache.

Ila hesabu hiyo inasahau mambo mawili. La kwanza ni la kimitambo. Mkimbiaji hupiga hatua ndefu kuliko mtembeaji, na mguu wake hugusa ardhi kwa muda mfupi zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walijumlisha mzigo wote ambao goti hupokea katika umbali uleule, mara kwa kutembea na mara kwa kukimbia, wakakuta jumla zinakaribia kulingana. Kilele cha mzigo katika kila hatua ni cha juu zaidi kwa mkimbiaji, lakini hatua ni chache na kila mgandamizo unapita upesi. Anayetembea kilomita 10 kwenda na kurudi kazini hajaliepusha goti lake na kazi kama anavyodhani.

La pili ni kwamba gegedu liko hai. Kifaa cha chuma hulika kwa kutumika na hakijui kujibu. Seli za gegedu huhisi mgandamizo na kubadili kile zinachozalisha. Ushahidi ulio wazi kabisa wa jambo hili umetoka kwa wanyama, kwa sababu gegedu la mtu aliye hai haliwezi kukatwa kipande na kupimwa ovyo. Huko Kuopio, Finland, miaka ya 1980 na 1990, wanasayansi waliwakimbiza mbwa wa aina ya beagle kwenye mashine. Waliokimbia kilomita 4 kwa siku walipata gegedu nene zaidi na lenye proteoglikani nyingi zaidi kuliko wenzao wasiofanya mazoezi. Waliokimbia kilomita 20 kwa siku walianza kupoteza proteoglikani kwenye tabaka la juu. Kundi jingine lilipelekwa kilomita 40 kwa siku kwa mwaka mzima, na gegedu lao likaonyesha dalili za kudhoofika. Binadamu si mbwa, na mbwa hao walikuwa wachanga. Hata hivyo mkondo unaonekana. Mzigo wa kiasi unajenga, mzigo uliopindukia unabomoa, na ukosefu wa mzigo nao hausalimishi: watu waliopooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo huonekana kwenye picha za MRI wakipoteza unene wa gegedu katika miezi ya mwanzo tu.

Kinachotokea kwenye goti la binadamu mara tu baada ya mbio kinajulikana vizuri kutokana na picha hizo. Gegedu huwa limesinyaa kwa asilimia chache, kwa sababu maji yamekamuliwa. Katika muda wa saa moja hadi mbili za kupumzika, baada ya mazoezi ya kawaida, unene hurudi. Kwenye damu huongezeka pia vipande vya protini za gegedu, na zamani kuonekana kwa vipande hivyo kulichukuliwa kuwa ushahidi wa uharibifu. Siku hizi tafsiri imekuwa ya tahadhari zaidi, maana viwango hushuka tena baada ya siku moja au mbili, na huenda vinaonyesha tu kwamba gegedu linafanya kazi na kujikarabati.

Marathoni nzima ni habari nyingine, na hapa ndipo utafiti unapovutia. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya wakimbiaji 10 wasio na maumivu, waliopigwa picha kabla ya mbio, ndani ya saa 48 baada ya mbio, na tena baada ya wiki 10 hadi 12. Picha za kawaida hazikuonyesha ufa wala shimo jipya. Vipimo vya ndani zaidi, vinavyokisia kiasi cha maji na proteoglikani, vilionyesha kwamba gegedu limebadilika, na kwamba miezi mitatu baadaye sehemu ya nyuma ya pia na upande wa ndani wa goti bado hazijarudi sawa. Watu 10 ni wachache mno kutoa hukumu. Angalau walithibitisha kwamba goti lisilouma na goti lililopumzika si kitu kimoja.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulifanyika kwa watu waliokuwa wakijiandaa kwa London Marathon ya mwaka 2017. Walikuwa 82, wa umri wa wastani wa miaka 44, wote wakienda kukimbia marathoni kwa mara ya kwanza. 71 walimaliza mazoezi na mbio. Miezi sita kabla, ambapo hakuna hata mmoja aliyekuwa akilalamikia goti, MRI ilikuta kasoro tele: gegedu lililochakaa hapa, meniski, yaani mto ulio kati ya mifupa ya goti, iliyochanika pale, maji ndani ya mfupa. Hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji awe mwangalifu na ripoti ya MRI inayosomwa bila mgonjwa kuguswa. Wiki mbili baada ya mbio picha zilipigwa tena. Uvimbe ndani ya mifupa ya muundi na paja, ambao kwa kawaida hutangulia kulika kwa kiungo, ulikuwa umepungua kwa wengi waliokuwa nao. Nyuma ya pia ya goti mambo yalikwenda kinyume: baadhi yao gegedu lao lilikuwa limezidi kuchakaa. Marathoni moja ikawa imeusaidia upande mmoja wa goti na kuuumiza mwingine.

Pia ya goti inajitokeza tena na tena katika tafiti hizi, na sababu yake ni ya kimaumbile. Kadiri goti linavyokunjwa likiwa limebeba uzito ndivyo misuli ya paja inavyoikandamiza pia dhidi ya mfupa wa paja. Kupanda ngazi kunaikandamiza, kuchuchumaa zaidi, na kushuka mteremko kwa kasi ni kukandamiza na kuburuza kwa pamoja. Anayekimbia Kilimanjaro Marathon mjini Moshi hulipa gharama hii baada ya kumaliza kilima cha kuelekea Mweka: mapafu yanafurahia mteremko wa kurudi mjini, magoti ndiyo yanayoshika breki.

Mpaka wa kile ambacho mwili unaweza kuvumilia ulipimwa mwaka 2009 kwa njia ambayo haijaigwa mara nyingi. Wakimbiaji wa mbio za TransEurope waliondoka Bari, kusini mwa Italia, wakaelekea Rasi ya Kaskazini nchini Norway, karibu kilomita 4,490 kwa siku 64 bila siku ya mapumziko. Kwa wastani kilomita 70 kwa siku. Madaktari wa Ujerumani waliwafuata na lori lililobeba mashine ya MRI, wakawapiga picha 44 kati yao kila baada ya siku chache. Katika kilomita 1,500 hadi 2,500 za mwanzo, gegedu la karibu viungo vyote vya miguu lilionyesha dalili za kudhoofika. Kisha likatokea jambo lisilotarajiwa: kwenye vifundo na visigino gegedu lilianza kurejesha hali yake huku wenyewe wakiendelea kukimbia. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba gegedu huweza kupata nafuu wakati wa kupumzika tu. Watu hawa, bila shaka, walikuwa wamejichuja wenyewe kwa miaka ya mazoezi. Mtu wa kawaida anayeiga ratiba yao ataishia kitandani kabla gegedu lake halijapata nafasi ya kuonyesha maajabu.

Swali kubwa la mkimbiaji wa ridhaa linahusu miaka ishirini mbele: je, atapata osteoathraitisi, ugonjwa wa kulika kwa viungo? Chuo Kikuu cha Stanford kilianza mwaka 1984 kuwafuatilia wakimbiaji 45 wa mbio ndefu na watu 53 wasiokimbia, wote wakiwa na umri wa wastani wa miaka 58, na kuwapiga eksirei za magoti mara kwa mara hadi mwaka 2002. Mwishoni, asilimia 20 ya wakimbiaji walikuwa na dalili za ugonjwa kwenye picha, dhidi ya asilimia 32 ya wenzao. Mwaka 2017 tafiti 25 za namna hii zilikusanywa, zikiwa na watu zaidi ya 125,000. Osteoathraitisi ya nyonga au goti ilikutwa kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa ridhaa, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa ngazi ya mashindano. Namba hiyo ya mwisho inawahusu wanaokimbia kwa kuwania nafasi za juu, si karani wa benki anayekimbia mara tatu kwa wiki.

Asilimia hizo zinapendeza kuliko zinavyostahili, na ni vyema kusema kwa nini. Anayeumwa goti huacha kukimbia, hivyo kundi la wakimbiaji hubaki na wenye magoti imara, na kundi la wasiokimbia hupokea walioshindwa. Wakimbiaji pia huwa wembamba. Utafiti wa mwaka 2013 uliofuatilia wakimbiaji 74,752 na watembeaji 14,625 nchini Marekani uliona wakimbiaji wakiugua osteoathraitisi kwa uchache zaidi, ila sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilitokana na uzito wao mdogo. Uzito ni jambo zito kweli kwa goti: kwa watu wanene wenye osteoathraitisi, kila kilo moja iliyopungua mwilini imepimwa kupunguza mzigo wa kilo nne kwenye goti kwa kila hatua. Hata baada ya kuondoa upendeleo huo wote, hakuna utafiti mkubwa uliofanikiwa kuonyesha kwamba kukimbia kwa kiasi kunamletea mtu mwenye goti zima ugonjwa huu.

Maneno muhimu hapo ni "goti zima". Kinacholiharibu gegedu kuliko mbio ni jeraha la zamani. Aliyechanika ligamenti ya mbele ya goti, ile inayoitwa ACL, au meniski, ana uwezekano wa karibu nusu kwa nusu wa kupata osteoathraitisi ndani ya miaka 10 hadi 20. Afrika Mashariki kundi hili si dogo. Wengi wanaojiunga na joging wakiwa na miaka 40 walicheza mpira ujanani, walipindisha goti uwanjani, likafungwa bandeji, likapoa, likasahaulika. Goti kama hilo huwa legelege kwa ndani, mzigo hutua mahali pasipozoea kuupokea, na kilomita ambazo zingemjenga mwingine humchimba mwenye jeraha hilo. Anayejua kwamba goti lake liliwahi kuvimba ghafla baada ya kupinda, au kwamba humkwepa anapogeuka, ana sababu ya kuchunguzwa kabla ya kujiandikisha kwenye mbio ndefu.

Maumivu mengi ya magoti ya wakimbiaji hayatokani na gegedu lililolika. Yanayoongoza ni maumivu ya kuizunguka pia, yanayozidi wakati wa kushuka ngazi au kukaa muda mrefu kwenye kiti cha daladala, na maumivu ya upande wa nje yanayosababishwa na utepe mrefu wa tishu unaotoka nyonga hadi chini ya goti. Yote mawili hutulia kwa kupunguza kilomita na kuimarisha misuli. Dalili za kutiliwa shaka ni nyingine: goti linalovimba na kujaa maji baada ya mbio, goti linalojifunga na kukataa kunyooka, ugumu wa asubuhi unaorudi kila siku, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku.

Kwa anayetaka kulinda gegedu lake, ushauri wenye ushahidi ni mfupi. Kilomita ziongezwe polepole, kwa kuwa misuli na pumzi hukua katika wiki chache, gegedu huhitaji miezi. Anayetoka kilomita 5 hadi marathoni kwa miezi miwili ameliacha nyuma. Misuli ya mapaja na makalio iimarishwe, maana ndiyo inayopokea mshtuko kabla haujafika kiungoni. Hatua zifupishwe kidogo na kuongezwa idadi: kuzidisha hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, bila kubadili kasi, kumepimwa kupunguza mzigo wa goti. Baada ya marathoni, wiki kadhaa za mazoezi mepesi ni haki ya goti hata kama haliumi. Viatu vina umuhimu mdogo kuliko matangazo yanavyodai. Kinachofaa ni kiatu kinachomstarehesha mvaaji na ambacho soli yake haijachakaa.

Dawa nazo zinataka neno. Kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio, tabia iliyoenea, hakulindi gegedu hata kidogo. Kunanyamazisha onyo, na kwa mwili uliopungukiwa maji kunazitesa figo. Vidonge vya glukosamini vinavyouzwa kwa bei kubwa havijathibitishwa kuotesha gegedu. Sindano za steroidi ndani ya goti hupoza maumivu kwa wiki chache, ila utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 kwa wagonjwa 140, waliodungwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, ulionyesha gegedu lao likipungua zaidi kuliko la waliodungwa maji ya chumvi, huku maumivu yakiwa sawasawa.

Wanabaki wale ambao tayari wameambiwa kwamba magoti yao yamelika. Kwa miaka mingi waliamriwa kuacha kabisa. Ushahidi wa sasa haukubaliani na amri hiyo kwa wote: katika mradi mmoja mkubwa wa Marekani, watu 138 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na osteoathraitisi ya goti na bado wakikimbia walifuatiliwa kwa miaka minne. Magoti yao hayakuharibika haraka kuliko ya wagonjwa wenzao wasiokimbia, na maumivu yalipungua kwa wengi zaidi. Wao wenyewe ndio waliochagua umbali na kasi, na inaelekea walichagua kile ambacho goti liliwaruhusu. Mgonjwa wa namna hii anayetaka kuendelea na ajadiliane na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, aanze na umbali ambao hauachi uvimbe siku ya pili, na aupunguze mara uvimbe unapojitokeza.